Ulimi wa Pelagia na Sindano ya Wiki

Kama hujanywa urwagwa wa Pelagia wa Titye, wewe pombe ya ndizi hujainywa, umesukutua tu. Wapo wanaopika Kasulu mjini, wapo Kibondo, wapo mpaka kule Mabamba wanaouza kwa watu wa ng'ambo, wote wanapika, hatukatai. Pelagia anapika kitu kingine. Anayebisha aje, nauli ajilipie mwenyewe.

Mume wake, Niyongabo, anasema ni maombi. Maana mkewe ni mlokole wa kweli kweli: Jumatano mpaka Jumamosi yuko na mapipa ya pombe, Jumapili yuko kwenye kwaya anaimba sauti ya juu mpaka mchungaji anafumba macho. Mchungaji alishamwita akamwuliza inakuwaje. Akajibu, "Mchungaji, mimi napika. Sinywi." Mchungaji akakosa andiko la kumjibu, wakaachana hapo.

Mwenyewe anasema ni ulimi. Maji ya ndizi yakishakamuliwa, yale matamu yanayonata, anachota kwa kata, anaweka mdomoni, anayazungusha kama mtu anayetafuta jina la shemeji aliyemsahau. Kisha anatoa hukumu. "Maji yaongezwe." Au, "Hapa mtama uingie." Hakosei. Na ni mtu wa kutaka kujua. Sufuria ya jirani ikichemka lazima aulize kuna nini, na akishaambiwa lazima afunue.

Jumamosi moja wanywaji wamejaa uani, mzee Ndihokubwayo akainua kikombe chake juu, akakitazama kwenye mwanga. Huyu ni fundi baiskeli, wametoka na Pelagia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wakapata uraia mwaka mmoja, kwa hiyo anajipa ruhusa ya kumtania.

"Mama Divine," akamwambia Pelagia, "huyu naye amenunua, au umemkaribisha tu?"

Ndani ya kikombe kulikuwa na mbawakawa, mweusi, mnene, ameshalewa siku nyingi.

Uwanja mzima ukacheka. Pelagia akacheka kuliko wote, akabadilisha kikombe, akaingia ndani, akakaa kwenye kitanda. Maana pombe ile aliichuja mwenyewe. Aliiangalia mchana kweupe, kwa macho yake mawili, akaona ni safi. Mdudu mkubwa vile hakumwona.

Alijua ni nini. Sukari anayo miaka kadhaa, vidonge anameza, na hakuna anayejua ila Niyongabo na ukuta. Mama yake, marehemu Jeanne, alikufa nayo Mtabila, na kabla haijammaliza ilianza na macho. Pelagia alimwongoza kwa mkono kwenda chooni, akiwa bado msichana. Ukungu ulianza hivi hivi, kwa mama kushindwa kuona uchafu kwenye mtama.

Wiki iliyofuata akaenda mjini kununua kitenge kwa Zuleha. Zuleha ni mtu wa Pangani, alikuja Kasulu kuolewa, mume akafa, duka likabaki, naye akabaki na duka. Ni mtu mnene na mtu wa maneno, na kwa Pelagia ndiye mtu wa kumwambia la moyoni, maana hanywi pombe, hawezi kulipeleka uwanjani. Pelagia akamwambia yote.

"Eee shoga yangu!" Zuleha akamshika mkono. "Na dawa ipo! Hebu njoo huku."

Akatoa simu. Picha ya wifi yake Shadia, yuko Dar es Salaam. Picha ya kwanza Shadia amejaa kochi. Picha ya pili kochi limebaki na nafasi ya wageni.

"Sindano," Zuleha akasema. "Iko kama kalamu. Unajichoma mwenyewe tumboni, mara moja kwa wiki, basi. Sukari inashuka, tumbo linashuka, hata hamu ya kula inakata. Ni dawa ya sukari hasa, huko mjini ndio wameigeuza ya unene."

Pelagia akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso. Hapo ndipo ugonjwa wake mwingine ulipomshika, ule wa kuuliza.

"Mara moja kwa wiki?"

"Mara moja."

"Sasa yenyewe inajuaje kama wiki imeisha?"

"Mimi nitajuaje?"

"Na ikishaingia tumboni inamwambia nani kwamba tumbo limeshiba? Maana tumbo ndilo linalojua."

"Pelagia, unataka kupona au unataka kufanya mtihani?"

"Nataka kujua kinachoingia mwilini mwangu."

"Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Duka la dawa la kueleweka halikupi bila cheti. Mimi nikienda wataniambia nifunge mdomo na nitembee kwa miguu. Wewe una sukari, utaandikiwa." Zuleha akashusha sauti, ingawa dukani kulikuwa na vitenge tu. "Ukishaandikiwa, tunagawana. Wiki hii unachoma wewe, wiki ijayo nachoma mimi."

Pelagia akaona ni neno la maana. Na mbuzi wa kuuza alikuwepo.

Kliniki ya sukari ni Jumanne. Safari hii alimkuta daktari mpya, Firdausi, msichana wa Morogoro, mwembamba, miwani mikubwa kuliko uso. Pelagia akamtazama akafikiri, huyu mtoto hata mtungi mtupu hawezi kuubeba.

"Mwakeye, mama," daktari akasema. Kiha alikuwa nacho hicho kimoja tu, amekitoa chote.

"Ego, mwakeye mwanangu."

Wakampima kidole. Sukari ikawa si mbaya hata kidogo. Pelagia akanyanyua kifua. Daktari akatazama ile namba, akatazama macho ya Pelagia, hakuridhika. Akasema wapime damu nyingine, ile inayoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita.

"Ngoja," Pelagia akasema. "Damu ya leo inakumbuka vipi mambo ya mwezi uliopita?"

Firdausi akacheka. Wagonjwa hawamwulizi hivyo, wengi wanauliza tu wataondoka saa ngapi. "Sukari inang'ang'ania kwenye damu, mama, kama vumbi la hapa Kasulu kwenye shati. Unaweza kunawa uso ukapendeza, lakini shati bado linasema umepita wapi."

Pelagia akalipenda jibu. Akalizungusha kichwani kama anavyozungusha maji ya ndizi. Lakini majibu ya damu yalipokuja hayakupendeza. Shati lilikuwa jekundu tupu.

Ndipo daktari akaanza kumhoji. Chai anaweka sukari? Hapana, aliacha. Soda? Hapana. Ugali? Tonge la kufumba mkono. Vidonge anameza? Kila siku, mume ni shahidi. Pombe?

"Mimi nimeokoka," Pelagia akasema, na kweli alikuwa hadanganyi.

Firdausi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa ameshikwa na ile hamu ya mtu aliyekutana na fumbo. Akasema vidonge vinaonekana vimeshindwa. Akasema, "Ipo sindano moja ya wiki. Nafikiria kukuandikia hiyo, ila macho yaangaliwe kwanza." Akavuta karatasi, akashika kalamu. Pelagia moyo ukaruka. Alimwona Zuleha, aliona kochi lenye nafasi, aliona mbawakawa wote wa dunia, mmoja mmoja, mpaka masharubu.

Mtu mwingine hapo angekaa kimya achukue cheti chake aende. Pelagia hakuumbwa hivyo.

"Daktari mwanangu, swali moja."

"Hata mawili, mama."

"Nasikia hiyo sindano inaondoa hamu. Wifi wa rafiki yangu anasema pilau analiona kama karatasi. Sasa ulimi wangu itauacha? Maana mimi ulimi ndio jembe."

Kalamu ikasimama. "Jembe la kulima nini?"

"La kuonjea."

"Unaonja nini?"

"Pombe."

"Si umesema hunywi?"

"Sinywi. Naonja."

"Mama, kuna tofauti gani?"

Pelagia akamhurumia. Msomi mzima, amevaa koti jeupe, hajui hili. "Kunywa ni kukaa chini," akamweleza taratibu. "Mnywaji anakaa, anaagiza, analewa. Mimi nasimama. Naonja maji ya ndizi yakitoka kukamuliwa, nijue maji ya kuongeza. Naonja mtama ukiingia. Naonja nikichuja. Halafu kuna kusogongera."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Watu wakikaa kikundi na mirija yao, nikileta dumu, mwenye nyumba natangulia mimi. Navuta kidogo, wanaona, ndio nao wanavuta. Nisipotangulia watadhani nimeweka kitu humo. Ndivyo ilivyo kwetu, hata Burundi, hata huku."

"Na Jumamosi vikundi ni vingi?"

"Jumamosi?" Pelagia akajisahau, akajisifu. "Uani kwangu hapapitiki!"

Firdausi akasimama. Akachukua kikombe cha plastiki na jagi la maji ya kunywea dawa, akasogeza na ndoo tupu. "Nionyeshe, mama. Onja moja inafika wapi hapa kwenye kikombe?"

Pelagia akamimina, akaonyesha. Si nyingi.

"Imwage kwenye ndoo. Sasa nimiminie ya pipa la pili. Na ya mtama. Haya, na kuchuja. Sasa twende Jumamosi, kikundi kwa kikundi."

Wakaenda kikundi kwa kikundi. Pelagia alikuwa mwaminifu, anataja kabisa: hawa walimu, hawa waendesha bodaboda, hawa wa mzee Ndihokubwayo, hawa waliotoka kilioni. Jagi likaisha. Wakajaza tena. Jagi likaisha tena, na waliotoka sokoni walikuwa bado. Nesi akachungulia mlangoni akadhani kuna bomba limepasuka.

Pelagia akainama juu ya ndoo, akaitazama muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa picha yake aliyopigwa akiwa amelala.

"Yoo," akasema. "Haya yote huwa yanaingia humu?" Akajishika tumbo.

"Kila wiki, mama. Tena yale ya kukamua ni sukari tupu. Na kwa kuwa Jumatatu na Jumanne hupiki, ukija hapa kidole kinasema vizuri."

"Kwa hiyo mimi ni mlevi?"

"Sikusema hivyo."

"Mchungaji asisikie."

Firdausi akairudisha ile karatasi mahali pake. "Sindano siandiki leo."

"Ala! Si ulikuwa umeshashika kalamu!"

"Nilidhani vidonge vimeshindwa, mama. Kumbe vinapigana na pipa. Nikikuandikia sasa, na yenyewe itapigana na pipa hilo hilo. Halafu jicho lililokwisha guswa, sukari ikishushwa ghafla kwa sindano, linaweza kuharibika zaidi. Nenda chumba cha macho. Kisha miezi mitatu usionje, hata tone. Ukirudi sukari bado iko juu, nakuandikia mwenyewe."

"Na Zuleha atasemaje?"

"Zuleha ni nani?"

"Wa wiki ijayo," Pelagia akasema, halafu akaona bora angenyamaza.

Daktari alimwelewa haraka, na alimgombeza kuliko alivyomgombeza kuhusu pombe. Sindano haigawanywi, hata kwa mume na mke. Huyo Zuleha aje mwenyewe apimwe.

Chumba cha macho wakamwekea matone, wakammulika. Yule mtaalamu akasema nyuma ya jicho kuna vidoa vya damu. Bado ni vidogo. Vikiongezeka, kinachopotea hakirudi. Pelagia, mwenye maswali ya dunia nzima, hakuuliza hata moja. Akarudi Titye na pikipiki, uso ameugeuzia pembeni.

Kazi ya kuonja akamkabidhi Niyongabo, ambaye alikubali haraka kuliko alivyokubali kuoa. Siku ya kwanza akaonja pipa la kwanza akasema tamu. La pili, tamu sana. La tatu akalikumbatia akaliita mama mkwe. Pombe ya wiki hiyo ilichachuka mpaka wanywaji wakawa wanakunja sura kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Hapo Pelagia akamkumbuka marehemu Jeanne. Yule mama alipika mpaka mwisho, akiwa haoni kitu. Alikuwa analala kifudifudi juu ya mtungi, sikio limebanwa ukingoni, na Pelagia msichana alifikiri mama anasinzia. Kumbe alikuwa kazini.

Pelagia akafunua pipa, akaweka sikio. Mwanzo hakusikia kitu, alisikia kuku wa jirani. Kesho yake akarudia, akasikia chini kabisa mlio kama mvua inayonyesha mbali, upande wa Kibondo. Keshokutwa ile mvua ilikuwa imekaribia. Akanusa. Akachovya vidole viwili, akavisugua, akasikiliza kunata kwake. Utamu una kunata kwake, ukipungua vidole vinateleza. Wiki nzima alizunguka mapipa yake kama mtu aliyehamia nyumba mpya, anafungua, anabana sikio, anacheka peke yake. Niyongabo akadhani sukari imepanda kichwani.

Pombe ikarudi kuwa ya Pelagia. Ikabaki Jumamosi.

Hiyo Jumamosi kikundi cha Ndihokubwayo kilikaa pale pale. Pelagia akaleta dumu, akaliweka katikati, akachomeka mirija, akarudi nyuma hatua moja.

Wakamsubiri.

"Tangulia, mama," mwendesha bodaboda mmoja akasema.

"Leo sitangulii."

Watu wakatazamana, kikundi hiki na cha jirani. Wiki iliyopita alitangulia Niyongabo na pombe ilikuwa imechacha, wiki hii mwenyewe haigusi. Yule wa bodaboda akachukua kofia yake gotini, akaivaa. Mwingine akasema, kwa upole ule unaoumiza, "Sisi tutapita siku nyingine, Mama Divine."

Mrija ulikuwa pale, mbele yake. Kuvuta mara moja tu, na watu wangekaa. Pelagia akautazama, akaona alivyoona siku hizi, yaani mrija na kivuli cha mrija wa pili ubavuni.

"Kaeni," akasema. "Nina sukari."

Yule wa bodaboda akabaki na mkono kwenye kofia.

"Ninayo siku nyingi. Kuonja kwangu ndiko kunanimaliza, daktari amenipimia kwa ndoo, nimeona. Na macho yameanza." Akamgeukia Ndihokubwayo. "Yule mbawakawa wako, mzee. Nilichuja mimi mwenyewe. Sikumwona."

Mzee Ndihokubwayo akaweka fimbo yake chini. "Kama mama Jeanne?"

"Kama mama."

Kule Mtabila mzee ndiye aliyekuwa akimtengenezea Jeanne kigoda chake, kila mguu ukivunjika. Kisha akavuta dumu akalisogeza kwake.

"Desturi inasema atangulie mtu wa nyumba," akasema. "Basi mimi kuanzia leo nimehamia hapa." Akavuta mrija, akavuta haswa, mashavu yakaingia ndani. Akajifuta mdomo. "Haina kitu. Ina utamu tu. Kunyweni, waoga nyie."

"Kama umehamia," Niyongabo akasema kutoka mlangoni, "kuni ziko nyuma ya jiko, shoka unalo?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko, kofia ikavuliwa. Na tangu siku hiyo kutangulia mrija kwa Pelagia kukawa na wagombea kuliko udiwani. Kila kikundi kina mtu aliyehamia. Ile nyumba kwa sasa ina wakazi wengi kuliko kambi.

Pelagia akapungua. Si sana, ila vitenge vikaanza kumzunguka. Zuleha alipomwona akatoka mpaka nje ya duka, mikono kiunoni.

"Msaliti wewe! Sindano umeipata wapi bila mimi?"

"Sijapata."

"Hicho kiuno kimekwenda wapi basi?"

"Kipo kwenye ndoo," Pelagia akasema, akaingia ndani kumsimulia.

Miezi mitatu ilipofika akakaa tena mbele ya Firdausi. Chumba cha macho walikuwa wameshamwambia vidoa havijaongezeka. Sasa daktari akasoma karatasi ya damu, akaisoma tena, akatabasamu na meno yote.

"Imeshuka, mama! Haijafika ninapotaka, lakini imeshuka sana. Endelea na vidonge, endelea na hilo sikio lako. Sindano huihitaji."

Pelagia akasema asante. Akasema Mungu ni mwema. Halafu uso ukaanguka.

"Sasa vipi tena?" daktari akauliza.

"Ndio siioni kabisa?"

"Nini?"

"Hiyo sindano. Nimeiwaza miezi mitatu, daktari. Ningeiona tu."

Firdausi akafungua droo, akatoa moja iliyokwisha, ya kuwafundishia wagonjwa, sindano yenyewe imeondolewa. Akampa. Pelagia akaipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa watu. Akaigeuza, akazungusha kitako chake, ikalia tik tik tik, akashtuka, akazungusha tena.

"Na inajuaje kama wiki imeisha?"

"Haijui, mama. Inaisha mwilini polepole, kama harufu ya pombe kwenye pipa lililooshwa. Wiki ikifika, imebaki kidogo, unaongeza."

"Ahaaa." Hilo aliliweka vizuri, la kwenda kumshinda Zuleha nalo.

Akainusa. Akaisugua kwa vidole viwili. Kisha akaizungusha tena taratibu, akaibana sikioni, akafumba macho.

"Mama," daktari akasema, "unafanya nini?"

Pelagia akainua kidole, anyamaziwe kwanza.